Wawili Wamepita, wa Tatu Kaondoka na Mlima

Kwenye milima ya theluji, siku ya dhoruba siyo inayozoa watu wengi. Siku ya dhoruba watu wamejifungia ndani wanakunywa chai. Balaa la maporomoko ya theluji hupenda siku inayofuata: mbingu imetakata, upepo umetulia, theluji mpya imelala hadi magotini, na kila mwenye skii, zile mbao ndefu za kutelezea, anataka awe wa kwanza kuuchora mteremko kwa mistari yake.

Sisi wa Tanga, ambao baridi yetu kubwa ni ya Lushoto mwezi wa saba, mambo haya tunayaona kwenye simu. Mpwa wangu ana duka Ngamiani, anauza soda na barafu za ubuyu, na mteja akikosekana anakaa na klipu. Juzi akanisogezea moja. Watelezaji watatu wamesimama kileleni. Wa kwanza akashuka, theluji ikimrukia kifuani, akafika chini akapunga mkono. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu alipofika katikati, mlima ukapasuka juu yake kwa mstari mrefu, kisha upande mzima ukaondoka naye.

"Mjomba," akaniuliza, "wawili wamepita palepale. Kwa nini yeye?"

Swali hilo lina jibu, na jibu lake halina uhusiano na bahati kwa kiasi watu wanavyodhani. Ila kulifikia kunataka mzunguko kidogo, maana lazima kwanza tujue theluji ni kitu gani.

Walichokuwa wanakifanya wale watatu si skii ya kawaida. Skii ya kawaida ina tiketi, ina viti vinavyoning'inia kwenye waya vya kukupandisha juu, ina njia zilizoshindiliwa kwa mashine, na ina wafanyakazi wanaoamka alfajiri kurusha baruti kwenye miteremko yenye mashaka, ili theluji ya kuporomoka iporomoke kabla wateja hawajamaliza kifungua kinywa. Hawa wetu walikuwa mlima pori. Huko hakuna waya, hakuna baruti, hakuna mlinzi. Unapanda kwa miguu yako na unashuka kwa hesabu zako.

Kupanda kwenyewe kuna ufundi wake. Chini ya kila skii hubandikwa utepe mrefu, upande mmoja gundi, upande wa pili manyoya mafupi yaliyolala kuelekea nyuma. Ukisukuma skii mbele manyoya yanalala na skii inateleza. Ikitaka kurudi nyuma yanasimama na kung'ang'ania theluji. Utepe huo huitwa ngozi, kwa kuwa zamani ulikuwa ngozi ya sili kweli, ingawa siku hizi ni nailoni au manyoya ya mbuzi wa Angora. Wakati wa kupanda buti hushikwa ncha ya mbele tu, kisigino kinainuka kila hatua, na watu huenda kwa kupinda kushoto na kulia badala ya kuukabili mlima uso kwa uso. Juu kileleni ngozi hubanduliwa, hukunjwa na kutiwa ndani ya koti ili gundi isigande, kisigino kinafungwa, ndipo anashuka. Mwenye mazoezi hupanda kimo cha mita 300 hadi 400 kwa saa. Ni asubuhi nzima ya jasho kwa nusu saa ya raha, na bado wanaofanya hivyo wanaongezeka. Ipo njia maarufu kutoka Chamonix, Ufaransa, hadi Zermatt, Uswisi, inayochukua karibu wiki nzima kupita juu ya barafu za kudumu, watu wakilala kwenye vibanda vya mlimani. Mwaka 2018 Andrzej Bargiel wa Poland alishuka kwa skii kutoka kilele cha mlima K2, mita 8,611, bila kuzivua. Na mbio za kupanda na kushuka kwa skii zimeingizwa kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 2026, Milano na Cortina.

Sasa theluji.

Anayeiona kwa mbali huona shuka moja jeupe. Ukichimba shimo mlimani hadi ardhini, ukausawazisha ukuta wake, unakuta matabaka. Kila dhoruba imeacha lake, na kati ya dhoruba na dhoruba kumepita jua, upepo, usiku wa baridi kali, pengine na mvua. Lipo tabaka gumu usiloweza kulitoboa kwa kidole, lipo laini ngumi inaingia, lipo jembamba kama unene wa sarafu. Mtelezaji anapita juu ya kumbukumbu ya msimu mzima, na yeye anaiona siku ya mwisho tu.

Tabaka la kuogopwa huzaliwa kwa njia mbili kubwa, na ya kwanza unaweza kuiona hapahapa Tanga. Nenda kwenye friza ya duka lolote, ya mpwa wangu ikiwemo, inua mfuniko na utazame ukingo wa mpira. Utakuta vinyoya vyeupe vimesimama, vyembamba, vina ncha. Ukipitisha kidole vinadondoka vyote. Hapo hakuna aliyemwaga maji. Ni mvuke wa hewa yetu ya pwani, unaoingia kila mteja anapofunguliwa friza. Unakutana na ukuta wa baridi na kuganda palepale bila kwanza kuwa maji. Mlimani, usiku wa anga tupu usio na upepo, uso wa theluji hupoteza joto lake angani hadi ukawa baridi kuliko hewa iliyo juu yake, na unyevu wa hewa hiyo hugandia juu yake kwa umbo hilohilo la vinyoya, vingine virefu kuliko kucha ya kidole. Asubuhi vinameremeta mlima mzima. Havina kosa lolote hadi dhoruba nyingine ije ivifunike. Vikishazikwa, vinabeba uzito wa juu vizuri tu ukishuka wima, lakini ukija kwa upande vinalala vyote kwa mpigo. Na vinaweza kukaa hivyo chini ya theluji kwa wiki kadhaa, watu wakiwa wameshasahau ule usiku.

Njia ya pili inafanyika ndani ya theluji yenyewe, na hapa ndipo akili ya kawaida inapopotea. Ardhi iliyofunikwa na theluji hubaki karibu na nyuzijoto 0, kwa kuwa imefunikwa. Juu hewa inaweza kuwa 20 chini ya sifuri. Mvuke husafiri ndani ya theluji kutoka chini penye joto kwenda juu penye baridi, na safari hiyo ikiwa ya haraka hula punje za theluji na kuziunda upya: kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Ukizichota mkononi zinamwagika kama sukari, na ndilo jina lake mlimani, theluji ya sukari. Haraka ya safari inategemea tofauti ya joto kwa kila sentimita, na mpaka unaotumiwa na wataalamu ni takriban nyuzijoto 1 kwa kila sentimita 10.

Piga hesabu. Theluji ikiwa na kina cha mita 2, nyuzi 20 za tofauti zinagawanyika kuwa nyuzi 1 kwa sentimita 10, mpakani. Ikiwa na kina cha nusu mita, zinakuwa nyuzi 4 kwa sentimita 10, na theluji ile inaoza kwa ndani. Kumbe theluji chache ndiyo inayotengeneza msingi mbovu! Msimu ulioanza kwa umaskini, theluji kidogo mwezi wa kumi na moja kisha wiki tatu za baridi kavu, unaweza kuwa wa hatari hadi mwishoni, kwa sababu kila kitakachoanguka baadaye kitakaa juu ya sukari. Ndiyo sababu Colorado, yenye baridi kavu na theluji isiyo ya kina kirefu, ndiyo jimbo la Marekani linaloongoza kwa vifo vya maporomoko, wakati milima iliyo karibu na Bahari ya Pasifiki hupokea theluji nyingi zaidi lakini nzito na iliyoshikana vizuri.

Tabaka dhaifu peke yake haliui mtu. Linataka bamba juu yake. Bamba ni theluji iliyoshikana kiasi cha kusogea kama kipande kimoja, na mtengenezaji wake mkuu ni upepo. Upepo huvunjavunja vipande vya theluji, huvisaga, huvibeba kutoka upande unakovuma na kuvipakia upande wa pili wa kilele, vimebanana. Kazi hiyo huifanya kwa kasi inayoweza kufika mara kumi ya theluji inayoanguka kutoka angani. Kwa hiyo mteremko unaweza kubebeshwa mzigo mpya siku ambayo halikuanguka hata chembe moja. Mgeni anatazama mbingu na kusema hakuna kilichobadilika tangu jana. Mwenyeji anatazama vilele vinavyofuka moshi mweupe na kugeuza skii.

Turudi kwa yule wa tatu. Uzito wa mtu kwenye skii husambaa kwenda chini na kupungua kadiri unavyozama. Bamba likifika karibu mita moja, kinachofika kwenye tabaka dhaifu ni kidogo sana. Ila bamba halina unene mmoja. Upepo umelipaka nene hapa, jembamba pale, hasa karibu na mawe, kwenye migongo ya mlima na ukingoni. Wa kwanza alipita juu ya sehemu nene, bamba likambeba. Wa pili naye. Wa tatu alitaka theluji ambayo haijakanyagwa, akajisogeza mita chache pembeni, karibu na jiwe lililojificha ambapo bamba lilikuwa na sentimita 30 tu, na uzito wake ukafika chini. Tabaka likabomoka eneo dogo tu chini ya skii zake. Lakini bamba lililopoteza nguzo zake hapo linawalemea majirani, nao wanabomoka, na ufa unakimbia chini ya theluji makumi ya mita kwa sekunde, ukienda hadi chini ya zile sehemu nene zilizowabeba wenzake. Baada ya hapo bamba zima halijashikwa na kitu. Linakatika upande wa juu, mara nyingi juu kabisa ya alipo mtu, naye anajikuta amesimama katikati ya sakafu inayoondoka.

Hivyo alama za skii mbili zilizotangulia hazikuwa ushahidi wa usalama. Zilikuwa ushahidi kwamba mistari ile miwili haikugusa pembamba.

Ukubwa wa kinachoondoka ni rahisi kuupuuza ukitazama kioo cha simu. Chukua bamba la upana wa mita 50, urefu wa mita 80 na unene wa nusu mita, jambo la kawaida kabisa kwa ajali za skii. Hizo ni mita za ujazo 2,000. Theluji ya bamba ikiwa na kilo 200 kwa mita ya ujazo, mzigo ni tani 400, yaani malori 13 ya tani 30 na ushee, na lote linashika kasi ya gari la barabara kuu ndani ya sekunde chache. Maporomoko makubwa, yale yanayopeperusha wingu, huvuka kilomita 200 kwa saa.

Mwinuko nao una kauli yake. Karibu maporomoko yote ya bamba huanzia kwenye miteremko yenye pembe ya nyuzi 30 hadi 45, na yanajazana zaidi kuzunguka 38. Chini ya 30 uzito hautoshi kulivuta bamba. Juu sana, theluji haikai, inamwagika kidogokidogo kila inapoanguka. Bahati mbaya ni kwamba nyuzi 35 hadi 40 ndizo hasa tamu kwa skii. Watu makini hubeba kipimo kidogo cha pembe, au hutumia simu, kwa kuwa jicho hudanganya. Na kuwa kwenye nyuzi 25 hakukuponyi kama juu yako kuna 38, maana ufa uliouanzisha wewe chini kwenye tambarare unaweza kupanda na kulifungua bamba la juu.

Hapo mtu wa Tanga atauliza: na Kilimanjaro je? Skii zimeshafika. Reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi 1911, na mwaka uliofuata Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo na kushuka wakitumia skii. Barafu moja ya kileleni inaitwa kwa jina la Furtwängler hadi leo. (Wapenda historia ya Pangani watakumbuka kwamba Hans Meyer, aliyefika kilele hicho Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, mwaka uliotangulia alikuwa mateka wa watu wa Abushiri, akaachiwa kwa fidia. Vitabu vya wapanda milima huipita sura hiyo upesi.) Lakini Kibo haina kiangazi na majira ya baridi ya miezi sita. Jua la ikweta linaipiga mwaka mzima, theluji inaanguka leo na baada ya siku chache inapungua au kuisha, hivyo hakuna muda wa kuzika tabaka juu ya tabaka kama kwenye milima ya Alps ya Ulaya. Barafu yenyewe inakwenda: katika eneo lililokuwa na barafu mwaka 1912, asilimia 85 ilikuwa imeshatoweka kufikia 2007. Hatari za Kilimanjaro ni nyingine, kimo kwanza, kisha mawe. Januari 2006 mawe yaliyoporomoka njia ya Western Breach yaliwaua wapandaji watatu wa Kimarekani.

Anayetaka kujua kilicho chini ya skii zake ana namna ya kuuliza. Anachimba shimo mahali salama penye mwinuko na uelekeo unaofanana na mteremko anaoutaka. Kwenye ukuta wa shimo anakata nguzo ya theluji, sentimita 30 kwa 30, iliyoachana na ukuta pande zote. Anaweka bapa la chepe juu ya nguzo na kuanza kupiga kwa mkono: mapigo 10 kwa kukunja kifundo cha mkono tu, 10 kwa kuanzia kiwiko, 10 kwa kuanzia bega. Anahesabu kwa sauti. Kama kwenye pigo la nne la kifundo kipande cha juu kinachomoka na kuteleza mbele, uso wake wa chini ukiwa umenyooka kana kwamba umekatwa kwa kisu, amepata habari mbaya. Kama amefika 30 na nguzo imekaa, amepata habari ya nguzo ile. Lipo jaribio jingine la nguzo pana ya sentimita 90, linalopigwa upande mmoja ili kuona kama ufa utakimbia hadi upande wa pili, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalofanana zaidi na kilichompata yule wa kwenye klipu. Lakini shimo moja ni sehemu moja ya mlima ambao bamba lake halina unene mmoja, tatizo lilelile. Kwa hiyo wazoefu hulitumia shimo kupata sababu ya kurudi, si kibali cha kwenda.

Kuna ishara zisizohitaji chepe. Maporomoko mapya kwenye miteremko ya jirani. Nyufa zinazochomoka mbele ya skii. Joto kupanda ghafla. Na ile sauti: unatembea kwenye theluji tambarare, mara eneo pana linashuka chini yako sentimita moja, likitoa mguno mzito unaosikika hadi tumboni. Hilo ni tabaka dhaifu linabomoka chini ya miguu yako, na kilichokuokoa ni kwamba umesimama tambarare. Anayesikia mguno huo akaendelea kupanda hana wa kumlaumu.

Zipo pia taarifa za kila siku. Uswisi ina taasisi ya kuchunguza theluji kule Davos, ambayo wakati wa majira ya baridi hutoa taarifa saa kumi na moja jioni na tena saa mbili asubuhi kwa saa za kwao. Ulaya yote inatumia ngazi tano za hatari tangu 1993, na takriban nusu ya vifo hutokea ngazi ya tatu. Ukifikiri kidogo inaeleweka. Ngazi ya tano hakuna anayetoka. Maporomoko yanafika barabarani na vijijini, kama yaliyoua watu 31 kijijini Galtür, Austria, tarehe 23 Februari 1999. Ngazi ya tatu inaonekana ya katikati, na katikati husikika kama wastani. Si wastani. Maana yake ni kwamba mtu mmoja anaweza kulifungua bamba kwenye miteremko mingi ya mwinuko. Mimi ningewapa ngazi majina kuliko namba, lakini hawakuniuliza.

"Sasa si warudi tu, mjomba?" mpwa wangu akasema, akimpimia mtoto barafu mbili.

Wengi hawarudi, na hapa elimu ya punje inaisha, inaanza ya watu. Katika maporomoko yanayoua watelezaji, takriban tisa kati ya kumi yameanzishwa na marehemu mwenyewe au mwenzake wa safari. Mmarekani mmoja, Ian McCammon, alipitia ajali 715 zilizotokea Marekani kati ya 1972 na 2003. Aliona kuwa mara nyingi ishara zilikuwepo, zinaonekana, na watu walikwenda. Waliosomea hatari hii kwa kina, wakiwa mahali walipopazoea, walijitia hatarini sawa na wasiosoma kabisa. Aliorodhesha mitego ya akili iliyowanasa: mazoea, kutaka kukubaliwa na wenzao, kung'ang'ania mpango kwa kuwa umeshaanza, kumwamini mmoja anayeonekana mjuzi, kufuata waliokwishapita, kuogopa kwamba theluji nzuri itaisha kabla hawajaipata.

Huo wa kung'ang'ania ni mkali kuliko unavyosikika. Watu wanne wameomba ruhusa kazini, wameendesha gari usiku, wameanza kupanda saa tisa alfajiri kwa taa za kichwani. Saa nne asubuhi mmoja anasikia mguno chini ya miguu. Akisema "turudi," anawanyang'anya watatu siku yao yote kwa kitu ambacho huenda kisitokee. Na kweli, mara nyingi hakitokei. Mteremko mbovu unaweza kupitwa mara nyingi bila kusogea, na kila anayepita anarudi nyumbani akiamini amepima vizuri, kumbe hakupima, amepita panene. Mlima haumrudishii mwanafunzi daftari lake na masahihisho. Miaka inapita, kosa linakuwa mazoea, mazoea yanaitwa uzoefu, na vijana wanaanza kumfuata.

Dawa zilizobuniwa ni za kikatili kidogo, na ndiyo maana zinafanya kazi. Makundi mengine huamua mezani, usiku wa kabla, miteremko gani haitaguswa kesho hata ikionekana tamu vipi. Mengine yana sheria kwamba asiyetaka hatakiwi kutoa sababu: neno lake moja linawageuza wote. Na wote hupita mmojammoja kwenye sehemu yenye mashaka, wengine wakitazama kutoka mahali salama, ili likitokea la kutokea wabaki wachimbaji.

Maana mchimbaji ni wewe na wenzako tu. Aliyefunikwa, akitolewa ndani ya dakika 10, ana nafasi kubwa: karibu tisa kati ya kumi wako hai. Ikifika dakika 30 wamebaki takriban watatu. Helikopta, hata ya Uswisi, mara nyingi haiwezi kufika ndani ya muda huo. Theluji ikishasimama inakamatana kwa sekunde, kiasi kwamba aliyefukiwa hawezi kunyanyua hata kidole, na pumzi yake huyeyusha theluji iliyo usoni kisha ikaganda kuwa ukuta wa barafu usiopitisha hewa. Wengi hufa kwa kukosa hewa. Waliobaki, karibu robo, huuawa na miti na mawe waliyogongeshwa njiani.

Kila mmoja anavaa redio ndogo kifuani, ndani ya nguo, inayotuma ishara ya kilohezi 457 muda wote. Ajali ikitokea, waliobaki wanazigeuza zao zipokee. Mshale na namba kwenye kioo vinaongoza, si kwa mstari ulionyooka bali kwa kupinda, kwa kuwa ishara yenyewe imepinda angani. Wakikaribia mita tatu wanapiga magoti, wanaisogeza redio chini kabisa usoni mwa theluji, polepole, kushoto na kulia, wakitafuta namba ndogo kuliko zote. Hapo wanachomoa ufito mrefu unaokunjuka, wanadunga kwa mzunguko unaopanuka, sentimita 25 kati ya tundu na tundu, hadi mkono uhisi kitu kisicho theluji wala mwamba. Ufito hauchomolewi, unabaki hapo kuwa alama.

Kisha chepe. Hawachimbi juu ya ufito, wanaanza upande wa chini wa mteremko na kuingia kwa ubavu, wamejipanga umbo la ncha, wa mbele anakatakata, wa nyuma wanaisukuma theluji itoke njiani bila kuinyanyua, na wanabadilishana mara kwa mara. Kwa mtu aliye mita moja chini, theluji ya kuondolewa huvuka tani moja. Upo pia mkoba wenye puto, unaovutwa kamba likajaa hewa na kumsaidia mtu abaki juu. Utafiti uliochapishwa 2014 ulikuta kwamba puto likijaa, vifo kati ya waliozolewa vibaya hushuka kutoka asilimia 22 hadi 11. Ni nusu, si kinga. Chepe liwe la aluminiamu, kwani la plastiki hupinda au kuvunjika kwenye theluji iliyokamatana. Makundi makini hufanya mazoezi mwanzoni mwa kila msimu: mmoja anazika mkoba wenye redio inayotuma, wengine wanaanzisha saa. Sehemu kubwa ya muda huliwa na kuchimba, si kutafuta.